Umefuta mafaili na diski bado imejaa: kutafuta nafasi iliyopotea kwenye Btrfs

Juzi dada mmoja mwenye studio ya video pale Mwanga, hapa Kigoma, kaniletea CPU yake kaifunga kwenye kitenge, hata hajakaa anasema "kaka hii mashine sasa imenishinda, nimefuta harusi nne nzima na bado inaniambia imejaa". Mashine ina SSD ya 240, inaendesha Linux Mint, na kijana aliyemfungia mfumo aliuweka juu ya Btrfs, mojawapo ya mifumo ya Linux ya kupanga mafaili kwenye diski. Harusi nne kwake ni kama gigabaiti 70 za video mbichi. Nikapiga `df -h`, komandi ya kuona diski imetumika kiasi gani, ikasoma Used 209G, nikamuuliza jana kabla hujafuta ilikuwa ngapi, akanitolea simu, alikuwa kaipiga picha skrini, 209G vilevile, haijapungua hata moja.

Naandika hili kwa sababu ni mashine ya nne mwaka huu naletewa na tatizo la hivi, na zote mwenyewe alianza kwa kufuta vitu ovyo, mmoja alifikia mpaka kufuta picha za watoto wake ili apate nafasi na nafasi hakuipata. Kwa hiyo kama uko hapo sasa hivi, acha kwanza kufuta. Btrfs ikibadilisha kitu haiandiki juu ya kile cha zamani, inaandika kipya pembeni halafu inahamisha anwani, cha zamani kinaachiwa pale tu ambapo hakuna tena anayekishika. Maana yake ni mbili. Ukifuta faili umefuta jina, data inabaki kama kuna mwingine kaishika. Na hata huko kufuta kwenyewe kunahitaji kuandika kitu kipya, kwa hiyo diski iliyojaa pomoni inaweza kukukatalia hata kufuta.

Kazi yako ni kujua nani kaishika hiyo nafasi.

Kwanza soma hesabu sawasawa

`df` peke yake haitoshi hapa, piga hii:

`sudo btrfs filesystem usage /`

Inatoa mistari mingi ila wewe angalia mitatu. Device unallocated, yaani sehemu ya diski ambayo haijagawiwa kazi yoyote. Halafu mstari wa Data, una Size na Used. Halafu mstari wa Metadata, nao una Size na Used. Kama Data Used ni kubwa kweli, kuna mtu kashika data yako, endelea na sehemu inayofuata. Kama Data Used ni ndogo lakini Size ni kubwa na unallocated imekaribia sifuri, tatizo lako ni la mgao, ruka mpaka kwenye mfano wa ghala hapo chini.

Kabla hujaenda popote, kama ulinunua 240 unaona 223 hujaibiwa. Dukani wanahesabu kwa elfu elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024, kwa hiyo 240 ya dukani ndiyo hiyo 223, na 500 ni kama 465.

"Nimefuta, nafasi haijarudi"

Anza na vitu rahisi maana vinaaibisha ukivisahau. Ukifutia kwenye dirisha la mafaili kitu kinaenda kwenye taka, kiko `~/.local/share/Trash`, imwage. Cha pili programu ikiwa bado imefungua faili, faili haliondoki hata kama jina halionekani, piga `sudo lsof +L1` uone nani bado kalishika, funga hiyo programu. Programu za kuediti video ndizo zinaongoza kwa hilo.

Kwa yule dada vyote hivyo vilikuwa safi. Kwa hiyo tukaenda kwenye snapshoti, na kwa uzoefu wangu hapa ndipo penye ugonjwa mara nyingi kuliko pengine pote.

Snapshoti ni picha ya subvolyumu nzima (kitengo cha Btrfs kinachoonekana kama folda ila kinajitegemea) kwa muda fulani, na ikitengenezwa haichukui nafasi karibu yoyote ndio maana watu wanaziona ni za bure. Inaanza kuchukua pale unapofuta au kubadilisha, kwa sababu vya zamani haviwezi kuachiwa, snapshoti imevishika. Kwenye Mint programu yake ni Timeshift, kwenye openSUSE ni Snapper. Tatizo ukizunguka kwenye mafaili yako huzioni, `du`, komandi ya kujumlisha ukubwa wa mafaili, nayo haifiki huko, ndio maana `du` inakwambia kitu kimoja na `df` kingine. Ili uone kila kitu fungua mfumo kuanzia kwenye shina lake:

`sudo mount -o subvolid=5 /dev/sda2 /mnt`

Hiyo sda2 weka ya kwako, `lsblk` itakuonyesha. Halafu `ls /mnt`. Kwake zikatokea `@`, `@home` na folda ya `timeshift-btrfs`, ndani yake snapshoti sita. Timeshift yenyewe kikawaida inapiga picha ya mfumo tu, haigusi `@home`, lakini kuna mahali unaweza kuweka tiki ili na `@home` iingie, na tiki ilikuwepo. Kwa hiyo kila siku mashine ilikuwa inapiga picha ya harusi zote, na yeye anafuta za kwake za juu, zile za ndani zipo zote sita.

Sasa hapa kuna mtego, na nataka uuelewe maana hata mafundi unawanasa. Nikapiga `sudo btrfs filesystem du -s` kwa kila snapshoti ya `@home`. Inatoa safu tatu, Total, Exclusive na Set shared. Exclusive ni kile ambacho kimeshikwa na hiyo moja peke yake. Zote sita zikasoma Exclusive chini ya gigabaiti moja. Dada akasema "si umeona kaka, sio hizo". Kumbe ndizo. Gigabaiti 70 zimeshikwa na zote sita kwa pamoja, hakuna hata moja inayozishika peke yake, kwa hiyo kila moja inasema mimi sina kitu. Ukifuta tano unapata makombo, ukifuta ya sita ndipo zinarudi zote kwa mkupuo. Ndio maana kuna watu wanafuta snapshoti mbili tatu, wanaona hakuna kilichobadilika, wanahitimisha kwamba snapshoti hazihusiki, wanarudi kufuta picha za watoto. Ukitaka hesabu ya zote kwa pamoja usizitaje moja moja, ipe komandi ileile folda moja iliyozibeba zote, kwake ni `/mnt/timeshift-btrfs`, angalia Set shared, utaona ukubwa wa kilichoshikwa kwa ushirika.

Kabla ya kuzifuta nikamuuliza, hizo harusi nne una kopi sehemu nyingine? Usiruke hili swali hata kidogo, maana faili likishafutwa juu, snapshoti ndiyo kopi ya mwisho duniani. Akafikiri, tatu zipo kwenye diski ya nje, ya nne ni ya Kasulu na bibi harusi hajaja hata kuchukua flashi yake. Nilimwona anavyobadilika uso. Tukaingia kwenye snapshoti ya juzi, `@home`, folda ya harusi ya Kasulu ikawa imo nzima, tukaitoa kwenda kwenye diski ya nje, tukafungua video tatu tukaziangalia kama zinacheza mpaka mwisho, ndipo tukaendelea.

Kufuta fanya kwa programu iliyozitengeneza, usiende na `rm`. `sudo timeshift --list` kisha `sudo timeshift --delete --snapshot` na jina lake. Kwa Snapper ni `snapper list` kisha `snapper delete` na namba, unaweza kutaja kuanzia namba fulani mpaka fulani kwa kistari. Ukishafuta usishtuke ukiona `df` haijasogea, usafi unafanyika nyuma ya pazia taratibu. Piga `sudo btrfs subvolume sync /` itakungoja mpaka zimalizike. Umeme ukikatika katikati ya usafi huo usihangaike, itaendelea pale ilipoishia mashine ikiwaka. Ya dada ilienda taratibu, 209, 190, 168, tumemaliza chai imesimama 134.

Na ukiwa bado kwenye hilo shina angalia subvolyumu zilizosahaulika. Ukirudisha mfumo nyuma kwa Timeshift, hali ya kabla ya kurudisha nayo inaweza kubaki kama snapshoti. Ukiwahi kufunga mfumo mwingine juu ya diski hiyohiyo bila kuifomati, `@` ya zamani inaweza kuwa bado ipo. `sudo btrfs subvolume list /` inazitaja zote.

Kuna na kopi. Ukikopi faili kwa `cp` ndani ya Btrfs ileile, tangu coreutils (furushi la komandi za msingi za Linux) toleo la 9.0 la mwaka 2021 haikopi data, inaongeza mshikaji tu, kopi inakuwa tayari papo hapo na haijala nafasi. Ni kitu kizuri sana. Ila ina maana ukiwa na folda ya Harusi, Harusi_mwisho na Harusi_mwisho_kabisa, `du` itakuhesabia mara tatu wakati kwenye diski ipo mara moja, na ukifuta mbili hupati kitu.

"No space left on device" na nafasi ninaiona

Hii ilikuwa duka moja la stationari Ujiji, SSD ya 240 vilevile. Mashine inagoma kuhifadhi hata barua ya ukurasa mmoja. `df` inasema Size 223G, Used 169G, Avail 0. Ukitoa unabaki na 54, sasa ziko wapi? Kwingine utakuta Avail inaonyesha gigabaiti kabisa na bado inakataa, ugonjwa ni uleule.

Fikiria ghala la pale Kibirizi. Sakafu imechorwa vyumba vyumba, chumba kikishaandikwa dagaa hakiingii dumu la mawese, na cha mawese hakiingii gunia la dagaa. Btrfs ndivyo inavyogawa diski, kwa vipande wanavyoviita chanki, chanki ya data kwa kawaida ni gigabaiti 1, na za metadata mbali. Metadata ndiyo majina ya mafaili, anwani, tarehe, na hata mafaili madogo kabisa ya chini ya baiti 2048 yanawekwa humohumo. Sasa ghala likigawiwa lote kwa dagaa, na kila chumba kina magunia mawili matatu tu, nafasi ya kutembea unaiona kwa macho, lakini dumu moja la mawese halina pa kukaa. Na Btrfs bila metadata haiwezi kuandika chochote.

Ya Ujiji ilisoma hivi:

Device size 223.00GiB, Device unallocated 1.00MiB
Data, single: Size 216.98GiB, Used 164GiB
Metadata, DUP: Size 3.00GiB, Used 2.50GiB
GlobalReserve: 512MiB

Metadata ni DUP, inaandikwa mara mbili kwa usalama, kwa hiyo hizo 3 zinakula 6 kwenye diski. Utasema lakini mbona metadata imebaki nusu gigabaiti, hiyo nusu ndiyo GlobalReserve, akiba ya dharura ambayo mfumo haukupi. Kwa hiyo metadata imejaa, unallocated haipo, na ndani ya data kuna gigabaiti 53 zimekaa bure.

Dawa yake ni balance, yaani unachukua vyumba vyenye magunia machache unayahamishia kwenye vyumba vingine, vilivyobaki vitupu vinafutwa maandishi vinakuwa sakafu huru tena. Anza chini kabisa:

`sudo btrfs balance start -dusage=0 /`

Hii inaondoa chanki tupu tu. Kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 3.18 ya mwaka 2014 mfumo unaziondoa wenyewe kwa hiyo usishangae ukikuta sifuri. Kisha `-dusage=5`, kisha 10, kisha 20, ukiangalia unallocated kila hatua, ukipata gigabaiti kadhaa simama, huna haja ya kwenda mpaka 100.

Watu wanakosea mambo mawili hapa na yote yanaumiza. Moja, wanapiga balance bila namba yoyote, inaanza kuhamisha diski nzima, masaa na masaa, inachosha SSD bure. Pili wanapiga na ya metadata kwa `-musage`. Usifanye. Ukiibana metadata unaondoa vile vyumba vyake vichache, data inavichukua, baada ya mwezi unarudi palepale. Metadata iache na nafasi yake ya kupumulia.

Ya Ujiji ilikuwa imefika pabaya, hata `-dusage=5` ikajibu No space left on device. Ikifika hapo unaiazima sakafu. Chomeka flashi nzima, mimi nilitumia ya 16, kila kilichomo kitapotea kwa hiyo kitoe kwanza:

`sudo btrfs device add -f /dev/sdb /`

Hakikisha mara mbili kwa `lsblk` kwamba hiyo sdb ndiyo flashi, ukikosea hapa hakuna kurudi nyuma. Tangu dakika hiyo flashi ni sehemu ya diski yako, metadata inaweza kuandikwa juu yake, ukiichomoa umeua mfumo. Kwa umeme wetu huu fanya kwenye laptopu yenye betri nzima au kwenye UPS, mimi CPU ya Ujiji niliifanyia ofisini kwangu kwa sababu hiyo tu, na nilimkatalia mwenye duka aliyetaka tufanye palepale. Wengine wanashauri utumie kipande cha RAM badala ya flashi, sikushauri kamwe, umeme ukipepesa umekwisha.

Nikapiga `-dusage=5` tena, safari hii ikajibu Done, had to relocate 7 out of 222 chunks. Gigabaiti saba hizo zimerudi kuwa sakafu. Nikaenda 20 zikaongezeka. Nikitazama SSD ina unallocated ya kutosha ndipo nikaitoa flashi kwa `sudo btrfs device remove /dev/sdb /`, ukasubiri mpaka komandi irudi yenyewe, halafu ndio unachomoa kwa mkono.

Elewa kwamba balance haifuti kitu chako hata kimoja na haikuongezei nafasi kama data ni nyingi kweli. Ukiwa na tatizo la snapshoti ukapiga balance unapoteza siku.

"Faili ni 40 na linakula zaidi ya 40"

Hii utaikuta kwa wenye Windows ndani ya VirtualBox, hapa mjini wengi wanaiweka kwa ajili ya printa ambayo haina draiva ya Linux, na kwa wenye database. Faili moja kubwa linaandikwa katikati katikati mchana kutwa. Btrfs inaweka data kwa vipande vinavyoweza kufika mebibaiti 128, ukibadilisha katikati ya kipande, kipya kinaandikwa pembeni na kile cha zamani kinabaki kizima mpaka kila sehemu yake iwe haihitajiki. Kwa hiyo kinaweza kubaki chote kwa sababu ya kipande kidogo cha mwishoni. Programu ya `compsize` inakuonyesha, linganisha Disk Usage na Referenced, ya kwanza ikiwa kubwa wakati hujabana data basi ndio hilo.

`btrfs filesystem defragment` kwenye faili hilo inasaidia, lakini defragment inavunja ushirika na snapshoti, faili la 40 lililokuwa linashirikiana na snapshoti linakuwa 40 mara mbili. Futa snapshoti kwanza. Kwa baadaye tengeneza folda mpya tupu, ipige `chattr +C`, ndipo ukopi faili ndani yake kwa `cp --reflink=never`, hapo litaandikwa juu ya lilelile. Unapoteza ukaguzi wa makosa kwa faili hilo, kwa hiyo bakapu iwe mbali. Kuiweka `+C` kwenye faili ambalo tayari lina data haifanyi kazi.

Wenye Mac na ZFS

Wenye Mac inayotumia APFS, mfumo wa mafaili wa Apple, tatizo ni ndugu yake, Time Machine inaacha snapshoti ndani ya diski yenyewe, zione kwa `tmutil listlocalsnapshots /`. Wenye ZFS, mfumo mwingine wa mafaili wenye snapshoti, pigeni `zfs list -o space`, angalia USEDSNAP, na mjue inajiwekea akiba karibu sehemu 1 ya 32 ya diski zote kwa hiyo hizo hazijapotea. Na wenye diski mbili za Btrfs kwa RAID1, kila kitu kinakaa mara mbili, terabaiti 1 na nyingine ya nusu zinakupa nusu.

Mashine ya dada nilivyoiacha

Tiki ya `@home` nimeitoa, snapshoti za mfumo zimebaki tatu, zinatosha kabisa apdeti ikiharibika. Video mbichi nimezitengenezea subvolyumu yake kwa `btrfs subvolume create`, kwa sababu snapshoti haiingii kwenye subvolyumu iliyo ndani ya nyingine, kwa hiyo hata mtu akija kuirudisha ile tiki harusi hazitashikwa. Nikamwonyesha ajaribu mwenyewe, akakopi futeji ya send-off ya gigabaiti 6 kutoka kwenye kadi, akaangalia `df`, akaifuta, akaangalia tena. Ilirudi 134. Akairudia mara ya pili ndipo akaifunga CPU kwenye kitenge chake.